Kuusaka Mwambao katika Miswada ya Kale: Shajara ya Mradi

Januari 14

Leo kazi imeanza rasmi. Ninatengeneza faharasa ya Kiswahili ya miswada ya zama za kati inayoutaja mwambao wetu, kuanzia Mogadishu hadi Sofala, ambayo maktaba kubwa za dunia zimeshaipiga picha na kuiweka wazi mtandaoni. Kila mstari wa faharasa utataja maktaba, namba ya mswada, karatasi na upande wake, kinachosemwa pale kwa maneno machache, na kiungo kinachofungua picha ya karatasi hiyo hiyo.

Kila mwanafunzi wa sekondari anafundishwa kwamba msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kwamba al-Idrisi, mwanajiografia wa karne ya 12, aliitaja Malindi. Anakariri, anajibu mtihani, yameisha. Hajawahi kuonyeshwa kwamba maneno hayo yako kwenye karatasi fulani, yameandikwa kwa wino na mkono wa mtu, na kwamba karatasi hiyo inafunguka kwenye simu aliyonayo. Historia yetu ya kabla ya kuja kwa Wareno tumezoea kusimuliwa na watu walioiona. Nataka nasi tuione.

Vigezo nimeviweka hivi: kitabu kiwe kimetungwa kabla ya mwaka 1500, hata kama nakala iliyosalia ni ya baadaye kidogo, picha ziwe za bure bila malipo wala barua ya utambulisho, na hakuna mstari utakaoingia kwenye faharasa kabla karatasi yenyewe haijafunguliwa na kusomwa. Kwa Kiarabu cha miswada ninasaidiwa na Maalim, mzee wa mtaani kwetu aliyesomesha madrasa umri wake wote. Ameomba asitajwe jina.

Januari 19

Jaribio la kwanza kila mtu angelifanya hivyo hivyo: kuandika "Kilwa" kwenye kisanduku cha kutafutia cha maktaba ya kidijitali na kuchuja matokeo yabaki miswada peke yake. Hakuna kinachokuja. Ukiondoa kichujio, zinamiminika ramani za wakoloni wa Kijerumani, kadi za posta na ripoti za karne ya 19 na 20.

Sababu ni namna katalogi za miswada zilivyoandikwa. Mtaalamu aliyeorodhesha mswada wa Kiarabu miaka mia moja iliyopita aliandika jina la mtunzi, jina la kitabu, idadi ya karatasi, vipimo, aina ya hati na mwaka. Miji inayotajwa ndani hakuiorodhesha, na hakuwa na sababu ya kufanya hivyo. Kitabu chenye karatasi mia tatu kimepewa mistari sita. Mombasa imo ndani ya kitabu lakini haimo ndani ya ile mistari sita, na mashine ya kutafutia inaisoma mistari tu. Maandishi ya mkono yenyewe haiyasomi.

Tatizo la pili ni tahajia. Watu wa pwani hii Waarabu waliwaita Zanj: Wafaransa wa zamani waliandika Zendj, Wajerumani wakaandika Zandsch, wanazuoni wa sasa huandika Zanǧ yenye alama juu ya herufi. Kilwa utaikuta Kiloua, utaikuta Quiloa. Al-Idrisi mwenyewe ni Edrisi katika vitabu vya karne ya 19. Nimefungua jedwali la tahajia zote ninazokutana nazo, na kila jina nitalijaribu kwa sura zake zote, pamoja na herufi za Kiarabu.

Kwa hiyo njia imegeuka. Sitaanza na mji. Nitaanza na mtunzi, niende kwenye kitabu, niipate namba ya mswada, ndipo niutafute mji kwa kusoma. Namba ya mswada ndiyo haibadiliki: "Arabe 2221" ni "Arabe 2221" kwa Mfaransa, kwa Mwingereza na kwetu.

Januari 26

Nimeanza na al-Idrisi kwa kuwa mpangilio wa kitabu chake unamsaidia mtafutaji. Alikimaliza mwaka 1154 akiwa Palermo, katika baraza la Mfalme Roger wa Pili wa Sicily. Ameigawa dunia katika iklimu 7, yaani kanda, kutoka kusini kwenda kaskazini, na kila iklimu ameikata sehemu 10 kutoka magharibi kwenda mashariki. Jumla sehemu 70, na kila sehemu ina maelezo na ramani yake. Mwambao wetu uko iklimu ya kwanza: Malindi na Mombasa sehemu ya 7, Sofala sehemu ya 8. Iklimu ya kwanza ndiyo inayofungua kitabu, kwa hiyo tumo kurasa za mwanzo mwanzo.

Nakala ya zamani kabisa iliyosalia ni Arabe 2221 ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, ya mnamo mwaka 1300. Imo Gallica, maktaba ya kidijitali ambayo Wafaransa waliifungua mwaka 1997. Nilichofanya ni kusoma kwanza tafsiri ya Kifaransa ya Jaubert, iliyochapishwa kati ya 1836 na 1840, ambayo nayo imo humo humo na maneno yake yanatafutika kwa kuwa ni chapa. Nikajua sehemu ya 7 inaanza na nini na inaishia na nini. Kisha nikarudi kwenye mswada na kuhesabu ramani moja baada ya nyingine.

Ramani ilipofunguka nilikaa kimya kwa muda. Kusini iko juu. Nchi yetu imelala kwenye ukingo wa juu wa karatasi, imenyooka kuelekea mashariki, na bahari iko chini yake. Mtu aliyezoea ramani za shule hatambui chochote mpaka ageuze kichwa.

Kuna namna ya kuigeuza. Maktaba nyingi sasa zinatumia mfumo wa IIIF, ambao ulianzishwa mwaka 2011 na maktaba kadhaa kubwa, zikiwemo za Ufaransa, Uingereza, Oxford na Stanford. Katika mfumo huo anwani ya picha inabeba maagizo: kipande gani cha karatasi unataka, upana wa nukta ngapi, na igeuzwe kwa nyuzi ngapi. Ukiweka 180 penye 0, ramani inarudi kichwa chini miguu juu na kaskazini inakaa juu. Maandishi yanapinduka, lakini pwani inakaa mahali pake na mwanafunzi anaitambua Afrika. Ukipunguza upana hadi 600, picha inakuwa nyepesi na bando haliliwi. Haya mawili nitayaeleza mwanzoni kabisa mwa faharasa, kwa sababu mwalimu anayetumia simu darasani hawezi kupakua picha za ukubwa kamili.

Februari 2

Maalim alikuja baada ya Asri. Nilimwekea sehemu ya 7 kwenye skrini.

"Ikuze, mwanangu. Hapo. Usiikimbize."

Akasoma Malindi: watu wake wavuvi na wawindaji, wana machimbo ya chuma, na chuma ndiyo biashara yao kubwa. Kutoka hapo kwenda Mombasa ni mwendo wa siku mbili kwa bahari. Mombasa kwa al-Idrisi ni mji mdogo, lakini ndimo anamokaa mfalme wa Zanj na askari wake. Halafu tukafika mahali ambapo sikuwa nimewahi kupasikia katika somo lolote la historia: kijiji kikubwa chenye watu wengi kiitwacho al-Banas. Wakazi wake, anasema, wana ngoma kubwa sana, imewambwa ngozi upande mmoja, na ngozi hiyo imefungwa kamba ambayo wakiivuta ngoma inatoa mlio wa kutisha unaosikika umbali wa maili tatu. Al-Idrisi anasema wanaiabudu.

Maalim aliacha kusoma. "Hiyo kamba ndani ya ngozi, hiyo si ngoma ya kupigwa. Hiyo ni ya kuvutwa."

Ngoma ya kuvutwa kamba au kijiti ndani ya ngozi ipo hadi leo katika makabila mengi ya Afrika Mashariki na ya kati, na sauti yake ni ya mngurumo. Al-Idrisi hakufika huku. Aliandika yale aliyoambiwa na wasafiri, na ile "ibada" huenda ni tafsiri ya msafiri tu. Lakini kamba? Mtu hazushi kamba. Aliyempa habari aliiona ngoma yenyewe au alisimuliwa na aliyeiona kwa karibu. Mstari huu umepata maelezo marefu kuliko yote kwenye jedwali, na sitaufupisha.

Februari 9

Nimefungua nakala mbili za al-Idrisi bega kwa bega. Upande mmoja Paris, Arabe 2221. Upande wa pili Oxford, mswada wa Pococke 375 wa Maktaba ya Bodleian, ulionakiliwa mwaka 1553. Hii ndiyo faida kubwa ya IIIF. Kila mswada una faili moja liitwalo manifesti, ambalo ni orodha ya picha zake zote kwa mpangilio. Ukiziingiza manifesti mbili kwenye kisomaji kama Mirador, maktaba mbili zilizotengana kwa bahari zinakaa kwenye dirisha moja. Kwa Gallica, manifesti unaipata kwa kuongeza neno "iiif" kabla ya namba ya ark (kitambulisho cha kudumu cha mswada) kwenye anwani na "manifest.json" mwishoni. Kwa Oxford nilianzia Fihrist, katalogi ya pamoja ya miswada ya ulimwengu wa Kiislamu iliyoko Uingereza, nikaandika namba ya mswada, na ikanielekeza kwenye picha.

Kwa nini nakala mbili? Nukta. Majina ya miji yetu yalikuwa mageni kabisa kwa mnakili wa Misri au wa Maghribi. Neno la kawaida la Kiarabu, hata nukta ikikosekana, msomaji analijua kwa muktadha. Jina la mji wa ugenini halina muktadha. Nukta ikisogea, ba inakuwa nun au ya, na mji unahama. Penye shaka kwenye nakala moja tunaangalia nyingine, na majina ambayo nakala hazikubaliani nimeyaandika yote mawili, bila kuchagua.

Pococke 375 ina pia ile ramani maarufu ya mviringo ya dunia nzima, bahari imezunguka pande zote na Afrika imetanda juu hadi mashariki ya mbali. Inafaa kuwa picha ya kwanza ya faharasa.

Februari 11

Onyo la kuweka kwenye utangulizi. Ramani kubwa ndefu ya al-Idrisi inayosambazwa mno mtandaoni, iliyo safi na yenye rangi nzuri, si mswada. Ni kazi ya Konrad Miller, iliyochapishwa Stuttgart mwaka 1928. Aliziunganisha ramani za sehemu zote kuwa moja na majina akayaandika kwa herufi za Kilatini. Kazi ya thamani, na Maktaba ya Bunge la Marekani inayo nakala yake wazi kwa wote. Lakini watu wanaiweka kwenye mabango na slaidi wakiandika "1154". Mswada wa 1154 haupo, na ile sahani ya fedha ambayo ramani ilichorwa kwa ajili ya Roger ilipotea karne hiyo hiyo.

Februari 23

Mswada wa Bodleian wenye namba MS. Arab. c. 90, unaojulikana kama Kitabu cha Maajabu. Jina lake kamili ni Kitab Ghara'ib al-funun wa-mulah al-'uyun. Kilitungwa Misri katika nusu ya kwanza ya karne ya 11, na nakala hii ni ya mnamo 1200. Oxford waliununua mswada huu mwaka 2002.

Ramani ya Bahari ya Hindi iko karatasi ya 29 upande wa nyuma hadi ya 30 upande wa mbele. Bahari imechorwa kama yai refu lililolazwa. Na humo, pembezoni mwa nchi ya Zanj, jina la Unguja lipo.

Si mara ya kwanza kwa jina hilo kuandikwa. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 869, analitaja pamoja na Qanbalu, mahali pengine pa nchi ya Zanj, na Yaqut aliyefariki 1229 anaitaja Unguja na Tumbatu pia. Lakini hao ni waandishi wa maneno. Hapa ni ramani, na jina ambalo watu wa Unguja wanalitumia leo asubuhi kwenye daladala limechorwa penye bahari yake karibu miaka elfu moja iliyopita na mtu wa Misri ambaye hatumjui jina. Nilimpigia simu Maalim usiku, jambo ambalo kwa kawaida silifanyi kwa heshima yake. Alitaka kujua tu kama alifu imeandikwa wazi. Imeandikwa wazi.

Machi 2

Leo ni Kigiriki, na nina furaha kupita kiasi cha shajara.

Periplus ya Bahari ya Eritrea ilitungwa karne ya 1 na mfanyabiashara wa Kigiriki aliyeishi Misri. Ndiyo maelezo ya zamani kabisa ya kina kuhusu pwani hii, yenye mji wa Rhapta na kisiwa cha Menouthias. Kinachosahaulika ni kwamba kitabu hicho kimetufikia kwa uzi mmoja mwembamba wa zama za kati. Nakala iliyokibeba ni Codex Palatinus graecus 398, iliyonakiliwa Byzantium karne ya 9 au ya 10. Nyingine iliyopo, ya Maktaba ya Uingereza, ni ya karne kadhaa baadaye na inatokana na hii. Mswada huu ungeungua, tungebaki bila Rhapta hiyo tunayoijua.

Na umesafiri. Kutoka Heidelberg ulichukuliwa kwenda Roma mwaka 1623, wakati wa Vita vya Miaka Thelathini, pamoja na maktaba nzima ya wafalme wa huko. Mwaka 1797 jeshi la Napoleon likaupeleka Paris. Mwaka 1816 ukarudi Heidelberg, na Chuo Kikuu cha huko sasa kimeuweka wote mtandaoni. Periplus inaanza karatasi ya 40 nyuma na kuishia ya 54.

Mimi sisomi Kigiriki kwa ufasaha, lakini herufi nilijifunza, na kwa kuwa nina chapa iliyopangwa kwa vifungu nilivifuata vifungu vya 15 hadi 18 mstari kwa mstari. Pale inapotajwa Menouthias kwa mara ya kwanza, mnakili ameandika mfululizo wa herufi zilizogandana ambao hauleti maana: ειτενηδιωμμενουθεσιας. Ni dhahiri kwamba kielelezo alichokuwa akikinakili kilikuwa kimeharibika, naye akanakili alichokiona, herufi kwa herufi, bila kubuni. Wahariri wa tangu chapa ya kwanza ya mwaka 1533 wamehangaika na mahali hapo. Kisiwa ambacho sisi tunabishana kama ni Unguja, Pemba au Mafia kimeingia duniani kupitia fundo hilo la herufi, na sasa kila mtu anaweza kulikuza na kulitazama.

Kinachofuata kinasomeka vizuri. Kisiwa ni cha chini, kina miti, kuna mito, ndege na kobe. Wenyeji wana mitumbwi na vyombo vilivyoshonwa, na wanavulia samaki na kasa kwa vikapu wanavyovitega penye mikondo ya maji badala ya nyavu. Dema! Nilimwonyesha mvuvi mmoja wa hapa kwetu tafsiri ya kifungu hicho. Akauliza kama mwandishi anasema lango la dema linaelekezwa wapi. Mwandishi hasemi, na ni swali zuri kuliko yote niliyoulizwa tangu mradi uanze.

Bidhaa za kifungu cha 17 nimeziorodhesha kwenye faharasa: wanaleta mikuki, mashoka, visu, misumari ya kutobolea na vitu vya kioo, wanachukua pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa.

Machi 9

Ibn Battuta. Nilikuja na hamu ya kuuona mswada Arabe 2291 wa Paris, wa mwaka 757 Hijria, yaani 1356, ambao tangu karne ya 19 wanazuoni wengi wamekuwa wakiamini ni mkono wa Ibn Juzayy, yule mwandishi wa Fez aliyeandika safari hizo kwa kuimliwa. Hati yake ni ya Kimaghribi: fa ina nukta chini, qaf ina nukta moja juu. Maalim alichukua dakika kadhaa kuzoea, akacheka, kisha akaenda mbio.

Lakini 2291 ni nusu ya pili ya kitabu tu. Inaanzia India. Kilwa na Mombasa ziko nusu ya kwanza, kwa hiyo kwa ajili yetu itabidi kutumia nakala za baadaye. Defrémery na Sanguinetti walipochapisha kitabu kizima kati ya 1853 na 1858, walitegemea miswada mitano ya maktaba hiyo hiyo, Arabe 2287 hadi 2291, na humo ndimo tunamopita sasa. Jambo hili linastahili kuandikwa kwa herufi nzito, maana nimeona mahali pengi picha ya 2291 ikiambatanishwa na habari ya Kilwa.

Baadhi ya miswada ya Kiarabu ya Gallica imewekwa kutoka filamu ndogo za zamani, nyeusi na nyeupe. Humo wino mwekundu wa vichwa vya habari unafifia kuwa kijivu, na mtu anayetegemea vichwa kutafuta mahali anapita bila kuona. Dawa ni kusoma mwisho wa kila sura badala ya mwanzo wake.

Kifungu cha Mombasa kimetuchukua jioni nzima na sijutii. Ibn Battuta alilala hapo usiku mmoja tu, akiwa njiani kwenda Kilwa, na alichokiona ni miguu ya watu. Hawalimi nafaka, anasema. Wanaletewa kutoka Sawahil. Chakula chao ni ndizi na samaki. Ni watu wa dini na wacha Mungu, misikiti yao ni ya mbao na imejengwa imara. Kwenye kila mlango wa msikiti kuna kisima kimoja au viwili, vyenye kina cha dhiraa moja au mbili, na maji huchotwa kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba. Anayetaka kuingia huosha miguu, na mlangoni pametandikwa kipande cha mkeka mnene wa kupangusia. Watu wote wanatembea peku.

Msikiti wa mtaa wetu una birika la miguu mlangoni. Maalim alikuwa ametoka kulitumia.

Machi 16

Maktaba ya Uingereza. Oktoba 2023 wahalifu wa mtandao waliivamia mifumo yake, na huduma ya miswada ya kidijitali ilizimika kwa muda mrefu. Imekuwa ikirudishwa hatua kwa hatua. Viungo vya zamani vilivyomo kwenye makala za watu havifanyi kazi, kwa hiyo kila mswada wa London nauandika kwa namba yake na si kwa kiungo peke yake. Miswada ya Kiarabu ya sayansi ya huko, mingi inapatikana pia Maktaba ya Kidijitali ya Qatar, iliyofunguliwa mwaka 2014.

Or. 2666, tarikhi ya Kilwa ya Kiarabu, nimeiwekea sehemu yake. Habari zake ni za zama za kati, utunzi ni wa karne ya 16, nakala yenyewe ilitengenezwa Zanzibar mwaka 1877. Haitimizi vigezo vyangu, lakini faharasa ya mwambao isiyo na tarikhi ya Kilwa nisingeweza kuitetea mbele ya mtu yeyote wa Kilwa.

Machi 23

Maqamat ya al-Hariri, kitabu cha visa vya kubuni, Arabe 5847. Iliandikwa na kuchorwa picha na Yahya bin Mahmud al-Wasiti mwaka 1237. Hakuna mji wetu unaotajwa pale ninapokwenda, ila kuna chombo. Karatasi ya 119 nyuma, maqama ya 39, safari ya Oman: jahazi lenye abiria wanaochungulia kwenye matundu ya ubavuni na mabaharia weusi wakishughulika juu. Ukikuza ubavu wa chombo, mshono wa mbao unaonekana.

Nimeiingiza kwa sababu mitepe yetu ilishonwa hivyo hivyo kwa kamba za nazi, bila msumari wa chuma, na iliendelea kusafiri kutoka visiwa vya Lamu mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Periplus inataja vyombo vya kushonwa katika karne ya 1, al-Wasiti anavichora karne ya 13. Kwenye faharasa mistari hiyo miwili sasa inaelekezana.

Machi 30

Toleo la kwanza la jedwali liko tayari kuwekwa wazi. Mambo niliyoyaamua, kwa faida ya atakayeendeleza:

Kila mstari una namba mbili, ya karatasi na ya picha. Hazilingani, kwa kuwa kisomaji huhesabu jalada na karatasi tupu za mwanzo, wakati karatasi zimehesabiwa na mkono wa mtu kwenye kona. Mwalimu anayefuata namba ya karatasi kwenye kisanduku cha picha atafika mahali pengine kabisa. Kwa Gallica natumia kiungo cha ark tu, kilichowekwa ili kidumu. Anwani ndefu inayojitokeza juu ya kivinjari wakati wa kutafuta siitumii.

Haki za matumizi nimezinakili kwa Kiswahili kando ya kila maktaba. Picha za Gallica zinatumika bure kwa kazi isiyo ya biashara, mradi chanzo kitajwe. Bodleian nao wanaruhusu matumizi yasiyo ya biashara. Shule ziko huru kabisa kuzichapisha na kuzibandika ukutani.

Safu ya Kiarabu ina maneno kama yalivyo kwenye mswada, pamoja na upungufu wake wa nukta. Safu ya pili ina usomaji wa Maalim. Anayebisha ana safu ya tatu, tupu, ya kuandika hoja yake.

Yaliyobaki: kumaliza nusu ya kwanza ya Ibn Battuta, na kuanza Ibn Majid. Huyo ni nahodha wa karne ya 15 kutoka Julfar, bandari ya Ghuba ya Uajemi, na kitabu chake cha ubaharia, Fawa'id, kimo Paris katika Arabe 2292 na Arabe 2559. Tunaanzia faida (yaani sura) ya 10, inayohesabu visiwa vikubwa na Zanzibar ikiwemo, kisha ya 11 inayoeleza misimu ya pepo na tarehe za kung'oa nanga. Maalim ana ndugu aliyekuwa nahodha wa jahazi la Lamu na bado anazikumbuka siku za kusi na kaskazi kwa hesabu ya Nairuzi, kalenda ya mabaharia. Amekubali kukaa nasi tukisoma.